Pumzi ya Vifuu — Sehemu ya Saba: Ijumaa Mashine Isiposimama

Wiki iliyopita nilimwacha Kibwana nje ya mlango wa chumba chake, spana ya injini mkononi, akimsikia mkewe akicheka na mwanamume. Msomaji mmoja wa Gazi alinikamata sokoni akaniambia, "Wewe mwandishi huna imani. Mwanamke yuko ndani ya arobaini, nawe unamtilia mwanamume chumbani!" Ndugu yangu, mimi sikumtia mtu. Haya, tuingie pamoja tuone.

Kibwana aliusukuma mlango kwa bega.

Nje jua la Alhamisi lilikuwa limepanda, lakini ndani mlikuwa na giza la madirisha yaliyofungwa na moshi mzito wa udi. Mwanatumu alikuwa amekaa kitandani, kanga kichwani, kichanga chake kimelala ubavuni. Alikuwa akiutazama ukuta, pale lilipopita bomba la maji ya moto, na uso wake ulijaa furaha ambayo Kibwana alikuwa hajaiona tangu siku ya harusi.

Hapakuwa na mwanamume. Hapakuwa na mtu yeyote.

"Kaa basi, Alfani," Mwanatumu aliuambia ukuta. "Chai itapoa."

Spana ilimponyoka Kibwana ikaanguka sakafuni.

Kama wewe ndiyo kwanza unaingia hadithini, sikiliza upesi, maana gazeti halinipi nafasi ya kukuzungusha. Alfani ni marehemu. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kwanza wa nyumba ya stima, inakotoka umeme wa kiwanda hiki cha nazi, kusini ya Mwabungo. Yeye ndiye aliyekuwa amemposa Mwanatumu. Akafa ndani ya nyumba hii hii, siku ya mvua ya masika, bila jeraha wala homa. Kibwana alipewa kazi yake, akapewa nyumba yake, kisha akamwoa mchumba wake. Watu wa Mwabungo hawakusema kitu mbele ya Kibwana. Nyuma yake walisema mpaka wakachoka.

"Mwanatumu, ni mimi," alisema. "Mumeo."

Mkewe aligeuka polepole, akamtazama kwa adabu.

"Shikamoo," alimwambia, kama anavyoamkiwa mgeni. Kisha akaurudia ukuta.

Kibwana alitoka mbio hadi uani. Huko alikuwa Bi Khamisa, shangazi yake Mwanatumu, aliyeletwa kutoka Mkwiro kuja kumlea mzazi. Mwanamke wa shoka huyu, mwana wa mabaharia. Alikuwa akikoroga uji wa pilipili manga, kitambaa amekikaza kichwani kwa ajili ya maumivu ya kichwa yaliyokuwa yakimwandama tangu alipofika.

"Shangazi, leo hii namtoa Mwanatumu humu ndani. Nampeleka kwa mama yangu, Msambweni."

Bi Khamisa hakuuacha mwiko. "Unamtoa? Mzazi wa arobaini? Upepo umwingie, awe mwendawazimu wa kweli? Mimi nimelea wazazi tangu wewe hujatiwa jandoni, na hakuna hata mmoja aliyevuka kizingiti kabla ya siku yake."

"Anazungumza na maiti!"

"Najua. Kwani mimi kiziwi?"

"Na mtoto je? Tangu jana hajalia. Hanyonyi, amelegea."

"Na hilo nalo nalijua." Hapo sauti ya Bi Khamisa ilipungua ukali. Aliuweka mwiko chini. "Mwanangu Kibwana, mimi sikuogopi, nitakwambia. Umevaa viatu vya marehemu vikakutosha. Sasa mwenyewe amekuja kuviuliza."

"Mimi sikumuua Alfani!"

"Nani amesema umemuua? Ulimwosha wewe. Uliviona viganja vyake."

Kibwana aliviona. Mtu aliyelala maiti usiku kucha, viganja vyake vilikuwa vyekundu kama vya bibi harusi aliyetoka kupakwa hina, na midomo yake vivyo hivyo. Waliomwosha hawakutazamana usoni mpaka sanda ilipofungwa.

"Lakini dawa tunayo," alisema Bi Khamisa. "Huoni Ijumaa?"

Alikuwa anaona. Nyumba nzima ilikuwa inaona. Kila Ijumaa mchana Mwanatumu hurejewa na akili zake. Hula, hunyonyesha, humwuliza mumewe habari za kazini, wala hakumbuki neno moja alilosema jana yake. Mtoto naye hulia kwa nguvu mpaka majirani wakafurahi. Ikifika Jumamosi, jua likianza kushuka, Alfani amekwisha rudi ukutani.

"Anaiogopa siku tukufu," alisema Bi Khamisa. "Basi kesho kabla ya sala Mwalimu Abdurahman anakuja kusoma. Atakaa ukumbini, nyuma ya pazia, sisi tutakuwa chumbani. Na mimi nitaiziba nyumba kisawasawa, Alfani asipate pa kutokea. Akishikwa Ijumaa, Kitabu kinasomwa, milango imefungwa, tumemmaliza."

Ningekuwa mimi, ningembeba mke wangu hapo hapo, arobaini isiwe arobaini. Mama yangu angenitukana, nami ningetukanwa huku mke wangu yu hai. Lakini mimi sikukisikia kicheko kile. Kibwana alikisikia, na kilimchoma. Tangu aoe hajawahi kumchekesha Mwanatumu namna ile. Kumwonea wivu jirani ni jambo la kawaida, utagombana naye yaishe. Kumwonea wivu mtu aliye kaburini ni maradhi yasiyo na tabibu. Kibwana alitaka Alfani afungwe, apigwe visomo, akome kabisa kumchekesha mke wa watu.

"Zibeni," alisema.

* * *

Ijumaa asubuhi Bi Khamisa aliifanya kazi ile kwa mikono yake mwenyewe. Alichukua pamba akaichovya katika sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini, akaishindilia katika kila ufa wa madirisha kwa patasi na nyundo. Ndivyo marehemu baba yake alivyokuwa akikalafati mashua kule Mkwiro, tone la maji lisipite. Nyumba ilinuka papa hadi barabarani.

Jirani yao Kanze, Mduruma aliyekuwa akitwanga mahindi mbele ya mlango wake, alisita kutwanga.

"Bibi, hiyo nyumba waiteremsha majini?"

"Nacheka nawe kesho," alimjibu Bi Khamisa. "Leo nina kazi."

Kibwana aliaga akaenda zake nyumba ya stima. Mwanatumu hakumwitikia. Mtoto alikuwa amelala, na usingizi ule haukumpendeza baba yake hata kidogo. Moyoni alijiambia, saa chache tu, mashine ikisimama nitarudi.

Maana mashine husimama kila Ijumaa. Hapa nivumilie kidogo, nikueleze mashine yenyewe.

Nyumba ile ya stima haikutumia makaa ya mawe wala kuni. Ililishwa vifuu vya nazi. Vifuu vilitiwa katika tanuri la chuma vikachomwa kwa hewa kidogo, vikatoa gesi. Gesi ikaingia katika injini, injini ikazungusha dainamo, na taa zikawaka kiwandani, madukani na katika mabangalo ya wazungu. Gesi nyingine ilisukumwa na feni ndani ya bomba la chini ya ardhi, ikaenda kuwaka kwenye majiko ya banda la mbata, nazi zinakokaushwa. Na katika handaki hilo hilo lilipita bomba la maji ya moto yanayotoka kuipoza injini, yakagawiwa nyumba za wafanyakazi. Kampuni ilijisifu sana kwa maji hayo. Wanawake waliyapenda kuliko wote, kwa kuwa mzazi hukandwa kwa maji ya moto, na hapa yalikuja yenyewe ukutani bila kuni wala moshi.

Gesi ile haina rangi, na harufu yake ni ndogo, hata udi huifunika. Wafanyakazi waliiita pumzi. Ijumaa mchana tanuri lilipoozwa hadi kesho yake asubuhi, likwanguliwe masizi, na watu waende kusali. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za Alfani.

Siku hiyo Kibwana alikuwa ameanza kuvua ovaroli alipomwona Bwana Meneja mlangoni, amevaa tai. Hiyo peke yake ilikuwa ishara mbaya.

"Kibwana! Leo wewe hapana simamisha injini."

"Bwana, leo ni Ijumaa."

"Ijumaa ingine iko wiki kesho. Leo wageni nakuja kutoka Mombasa. Wao taka ona stima yetu, pengine nunua kwa mahoteli ya Diani. Mimi taka taa yote iwake. Na ile koki ya banda, fungua yote. Wao lazima ona moto mkubwa."

"Koki yote hatujafungua hata siku moja, Bwana. Huwa nusu."

"Leo yote."

Chirau, mtia vifuu, alimtazama Kibwana chini ya jicho. Alikuwa amekwisha weka kofia yake ya msikitini kichwani. Akaivua, akaikunja, akaitia mfukoni.

Kibwana aliwaza visomo vya nyumbani. Alisikitika kuwa hatakuwapo, akamwomba Mungu avipokee. Hakuwaza jingine. Akaishika koki kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akaifungua yote.

Wakati huo huo, hatua chache tu kutoka pale, Mwalimu Abdurahman alikuwa akivua viatu mlangoni pa Kibwana. Bi Khamisa alimkaribisha, akashusha pazia, akatia komeo, akasokomeza kanga chini ya mlango. Mwalimu alipiga chafya mbili kwa ile harufu ya papa. Kisha akaanza Yasini kwa sauti yake nzuri, ile inayowatoa machozi wazee wa Mwabungo.

Feni ikavuma. Taa zote za kiwanda zikawaka mchana kweupe.

* * *

Wageni walifika kwa motokaa mbili. Bwana Meneja aliwapitisha nyumba ya stima, akawaonyesha dainamo, akacheka kila walipocheka. Kisha akawaongoza kwenda banda la mbata.

Punde si punde Kenga, nokoa anayesimamia banda, aliingia nyumba ya stima akitweta, jasho linamtiririka.

"Fundi! Mbona umetufungia gesi?"

"Nimekufungia wapi? Nimefungua yote."

"Yote gani? Majiko yamezimika! Bwana anawaonyesha wageni nazi mbichi, amekuwa mwekundu kama pilipili!"

Chirau aliweka kiganja juu ya bomba. "Lina moto. Gesi yapita hapa, na yapita kwa wingi."

"Kwangu haifiki," alisema Kenga.

"Basi imekwenda wapi?" Chirau alicheka. "Gesi haina miguu."

Kibwana hakucheka. Alikuwa akitazama nje ya mlango. Baina ya nyumba ya stima na banda la mbata palikuwa na kitu kimoja tu, safu ya nyumba za wafanyakazi, na handaki la mabomba lilipita chini yake. Nyumba ya katikati ilikuwa yake.

"Chirau," alisema taratibu, "siku ile ulipolewa pumzi, ulipoingia kukwangua tanuri kabla halijapoa, ulimwona nani?"

"Ah, mambo ya zamani hayo."

"Ulimwona nani?"

"Nilimwona nyanya yangu, Mungu amrehemu. Alikuja na sinia ya vitumbua, tukazungumza mpaka nikasahau kazi. Mliponitoa upepeni nililia. Sikutaka kutoka."

"Na mikono yako?"

"Ilikuwa imeiva, nyekundu. Mke wangu aliniuliza nimetoka harusi ya nani."

Kibwana aligeuka akaitazama koki. Mambo yote yalimjia kwa mara moja. Viganja vya Alfani. Kichwa cha Bi Khamisa kinachouma siku zote, naye anashinda uani, sembuse aliye chumbani. Na Ijumaa! Alfani hakuwa akiiogopa Ijumaa wala Jumatatu. Ijumaa mashine husimama, feni hutulia, na pumzi haisafiri. Bomba lilikuwa limepasuka chini ya sakafu yake tangu siku nyingi, na tangu madirisha yafungwe kwa ajili ya arobaini, watu wa nyumba ile walikuwa wakilewa kila siku isipokuwa siku moja.

Leo mashine haikusimama. Leo koki iko wazi yote. Na mke wake, na mwanawe, na shangazi, na Mwalimu wamo ndani ya nyumba iliyokalafatiwa, hata ufa wa sindano hakuna.

Na aliyeifungua koki ni yeye.

Aliifunga kwa nguvu mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Kisha akaurukia mtaimbo wa kusimamishia injini akauvuta. Injini ilikohoa, ikatikisika, ikasimama. Kimya kilichofuata kiliwatisha wote watatu, kwa kuwa hawakuwa wamekizoea.

Bwana Meneja alitokea mlangoni, tai imekwenda upande.

"Nani nasimamisha injini?"

"Mimi, Bwana. Gesi imeingia nyumbani kwangu. Watu wanakufa."

"Hapana gesi kule! Bomba iko chini ya ardhi! Washa sasa hivi, wageni nangojea!"

"Nipishe, Bwana."

"Kibwana, kama wewe natoka hapa, kazi kwisha. Nyumba kwisha. Nasikia?"

Kibwana alimtazama yule mzungu kana kwamba hajui ni nani. Alimsukuma kando kwa kiwiko, jambo ambalo hakuna mtu wa kiwanda kile aliyewahi kulifanya na akalala kwake siku hiyo.

"Chirau, usiiwashe! Kwa haki ya mama yako, usiiwashe!"

Akatoka mbio, Kenga nyuma yake.

* * *

Kanze alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya Kibwana, mchi wake mkononi, macho yamemtoka.

"Afadhali umekuja! Walikuwa wakisoma. Nikasikia sauti inapungua, inapungua, hata ikanyamaza. Nimegonga, nimewaita, hakuna anayeitika!"

Kibwana aliunyakua mchi akaupiga dirishani. Mbao hazikutikisika. Bi Khamisa alikuwa ameifanya kazi yake kama mtu anayekwenda Pemba kwa mashua. Pigo la pili, ufa. La tatu, ubao mmoja ukaingia ndani, na udi na papa na kitu kingine kisicho na jina vikamjia usoni. Kenga naye alikuwa mlangoni, anaupiga teke baada ya teke. Komeo likang'oka.

Mwalimu Abdurahman alikuwa ameinama juu ya Kitabu chake, ungedhani anabusu ukurasa. Kenga alimshika makwapani akamburuta nje.

Kibwana alilipasua pazia.

Bi Khamisa alikuwa amelala sakafuni, mkono mmoja umeelekea mlangoni. Inaonekana alitambua kitu mwishoni, akataka kufungua, miguu ikamkatalia. Kibwana alimruka. Nisameheni, lakini alimruka. Akaenda kitandani, akakishika kichanga.

Kilikuwa cha moto na chepesi, hakisogei. Vidole vyake vidogo vilikuwa vyekundu.

"Kanze!"

Kanze alikwisha penyeza mikono yake dirishani. Alimpokea mtoto akamlaza tumboni juu ya mkono wake, akampangusa uso kwa maji, akaanza kumpigapiga mgongo na kumsemesha Kiduruma haraka haraka.

"Mwanatumu, simama! Twende!"

Mwanatumu alikuwa macho. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alikuwa amekaa sakafuni kando ya ukuta, shavu lake ameliegemeza kwenye bomba, anatabasamu.

"Sendi," alisema.

"Mtoto yuko nje. Twende kwa mtoto."

"Sendi nawe. Namngoja Alfani."

Kibwana alimshika kiunoni akamvuta. Mwanatumu aliling'ang'ania tendegu la kitanda kwa mikono yote miwili. Mwanamke aliyekuwa hawezi kuinua kikombe alikuwa sasa na nguvu za watu wawili. Kitanda kizima kikaburutika nao. Kibwana alivuta tena. Kichwa kilianza kumvuma. Aliona ukuta unamkaribia na kurudi nyuma. Bomba lilikuwa limefungwa, lakini chumba kilikuwa bado kimejaa, na dirisha moja halikutosha. Alijua kuwa hatapata nguvu ya kuvuta mara ya tatu.

Palikuwa na neno moja tu la kumtoa mwanamke yule pale, na neno hilo lilikuwa chungu kuliko shubiri. Mwaka mzima Kibwana amelala kitanda cha mtu, amekula mezani pa mtu, ameshika spana ya mtu, na kila siku akijiambia, mimi ni Kibwana, mimi ni Kibwana.

Alipiga magoti mbele ya mkewe. Akamshika uso.

"Mwanatumu," alisema. "Ni mimi. Alfani."

Macho ya Mwanatumu yalimtafuta. "Alfani?"

"Naam. Nimekuja kukuchukua. Twende nje, bibi yangu, humu mna joto."

Vidole viliachia tendegu kimoja kimoja. Mwanatumu aliinuka mwenyewe, akaweka kichwa chake begani pa mumewe, akatembea. Kibwana alitembea naye huku machozi yanamtoka, akijigonga mlangoni, akijigonga ukumbini, mpaka jua likawapiga usoni na upepo wa pwani ukawaingia vifuani. Arobaini ikavunjwa hapo, mbele ya watu wote.

Walianguka pamoja mchangani.

Kenga alirudi ndani akamtoa Bi Khamisa, akamlaza kwenye mkeka wa Kanze. Mwalimu Abdurahman alikuwa ameketi, anatapika na kumshukuru Mungu kwa zamu. Mafundi wa karibu walikuwa wanakuja mbio, wanawake wanapiga ukemi wa kuitana nyumba hata nyumba.

Na Kanze alikuwa bado anampigapiga mtoto mgongoni.

"Kanze," alisema Kibwana kwa sauti ya kukatika. "Mama Kanze, niambie."

Kanze aligeuka kidogo, akampulizia mtoto puani, akampiga tena.

Mtoto akakohoa. Kisha akalia. Alilia kwa hasira, kilio cha mtu aliyedhulumiwa, na mimi ninayeiandika hadithi hii nakuambia sijapata kusikia sauti tamu kama hiyo. Kanze alikaa chini hapo hapo na mtoto, naye akalia.

Kibwana alimpakata mkewe. Alikuwa amepoteza kazi, amepoteza nyumba, na hakujali hata chembe. Mkewe yu hai. Mwanawe yu hai. Aliyekuwa ukutani alikuwa pumzi ya vifuu tu, na pumzi sasa inapeperushwa na upepo kuelekea minazini. Alfani hakuwa amerudi kudai kitu. Alfani alilewa akafa, kama ambavyo wao pia nusura wafe, na hakuna mkono wa mtu uliohusika. Kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, Kibwana alihisi amesamehewa.

Mwanatumu alifumbua macho. Yalikuwa bado mazito, bado yako mbali. Aliishika ovaroli ya mumewe, ile yenye nembo ya nyumba ya stima, akamvuta karibu.

"Alfani," alinong'ona.

Kibwana alitaka kusema, hapana, ni mimi mumeo. Lakini alimwonea huruma. Wacha apumzike kwanza.

"Naam," alisema.

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini, bibi yangu?"

"Siku ile ya mvua." Machozi yalimlenga. "Nilikuwa nje ya mlango. Nilikusikia ukigonga. Ukigonga, ukiniita jina langu. Na ufunguo nilikuwa nao mimi, mkononi."

Mtoto alikuwa analia, watu walikuwa wanaitana, na Kibwana hakusikia chochote tena isipokuwa maneno yale.

"Nani alikupa ufunguo?" aliuliza. Sauti iliyotoka haikuwa yake wala ya Alfani.

Mwanatumu alifungua kinywa kumjibu.

Mkono mkavu, mwekundu kiganjani, ulipita baina yao ukamfunika midomo. Bi Khamisa alikuwa amejikokota kutoka mkekani kwa tumbo, mchanga umemjaa usoni, na macho yake, yaliyokuwa macho ya maiti dakika moja iliyopita, yalikuwa yamemkazia Kibwana.

"Nyamaza, mwanangu," alimwambia Mwanatumu. "Huyo si Alfani."